Vyuma vya brasi vilivyozeeka kwa gitaa la umeme: namna ya kuvipata hapa Kampala au kujitengenezea mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho

Gitaa langu ni nakala ya Telecaster (lile gitaa la umeme la kampuni ya Fender) kutoka China, mbao yake niliivua rangi yote nikaipaka mafuta mpaka ikawa kahawia kama mlango wa jiko la kuni, ikapendeza kweli, lakini vyuma vikabaki vya kromu, vinang'aa balaa. Ilikuwa kama mzee amevaa kanzu safi ya harusi alafu chini raba za kuwaka taa. Nikataka brasi, tena siyo ile mpya ya njano kali, nilitaka ile ya vitasa vya zamani, rangi ya chai ya rangi, na sehemu zinazoguswa na mkono ziwe zinang'aa kidogo.

Nikafanya kosa ambalo nafikiri wengi mnafanya. Niliagiza mtandaoni seti ya funguo za kutyuni zilizoandikwa kwamba ni brasi ya kale, nikangoja wiki kadhaa, zikaja, rangi ni kahawia moja tu kila mahali kama zimechovywa kwenye ndoo, nikasema haina shida nitazizeesha zaidi, nikaziweka kwenye mvuke wa amonia usiku kucha. Asubuhi nafungua, zimetoa malengelenge kama chapati kwenye kikaango, na chini ya malengelenge kuna unga mweupe. Haikuwa brasi hata kidogo. Ilikuwa zinki ya kumiminwa ikapakwa ngozi nyembamba ya rangi ya brasi. Pesa ikaenda.

Kwa hiyo kabla ya ndoo, kabla ya siki, kabla ya chochote, jua chuma chako ni nini.

Kupima kama ni brasi kweli

Brasi ni kopa iliyochanganywa na zinki, mara nyingi kopa inakuwa kati ya asilimia 60 na 70 hivi. Wauza skrepa wa hapa wanaitofautisha na kopa tupu kwa jicho tu, moja ni nyekundu, nyingine ni ya njano, na bei zake ni mbali mbali. Sisi tusio na jicho hilo tunapima.

Kwanza sumaku. Mwanamuziki hakosi spika iliyoungua ndani ya nyumba, toa sumaku yake. Ikinata, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya brasi, na bawaba nyingi mpya madukani ziko hivyo. Isiponata bado usishangilie, maana zinki na aluminiamu nazo hazinati.

Pili tupa. Chagua mahali pa siri, nyuma au ndani ya tundu, piga tupa mara mbili tatu. Ndani ikiwa njano, ni brasi. Ndani ikiwa ya kijivu cheupe kama risasi ya penseli iliyong'arishwa, ni zinki, irudishe. Kama hujui njano ya brasi ikoje, angalia ile pete ndogo kwenye mwisho wa uzi wa gitaa, zile ambazo hazijapakwa kitu mara nyingi ni brasi, mi naweka moja mfukoni nikienda sokoni kulinganisha.

Tatu, kama muuzaji hataki tupa ikaribie kitu chake, pima uzito kwa maji. Hapa unahitaji ile mizani ndogo ya dijitali. Pima kitu kikavu, andika. Alafu weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, ning'iniza kitu chako kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, andika namba inayotokea. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Brasi inakuja karibu 8.5, zinki ya kumiminwa inakuja karibu 6.7. Mfano kitu ni gramu 85 na kwenye maji mizani imeonyesha 10, hapo umepata 8.5, lipa uondoke. Hakikisha tu hakuna povu la hewa limejificha ndani ya matundu, litakudanganya.

Sehemu zipi za kubadilisha, zipi za kuacha

Usibadilishe kila kitu. Sehemu zinazofaa ni nobu za voliumu na toni, sadeli za daraja (vile vipande vidogo vinavyobeba nyuzi upande wa mwilini), nati ya shingo (ile ya kichwani inayobeba nyuzi, siyo ya bolti), bamba la shingo lile la nyuma lenye skrubu nne, bamba la nobu, bamba la jeki, na vile vitufe vya mkanda. Kwa sadeli hata historia iko upande wako, Telecaster za miaka ya mwanzo ya 1950 zilitoka kiwandani na sadeli tatu za brasi, kila moja inabeba nyuzi mbili, na watu mpaka leo wanazirudia kwa sababu ya ile sauti yenye mlio. Nati za brasi nazo zilikuwa fasheni kubwa miaka ya 1970.

Kava ya pikapu iache. Nasema pikapu ya gitaa, ile sumaku yenye koili inayonasa sauti ya nyuzi, siyo ya Toyota. Brasi inapitisha umeme vizuri sana, sasa ukifunika pikapu nayo inazaliwa mikondo midogo ya umeme ndani ya kava yenyewe na inakula sauti za juu, gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi. Ndiyo maana watengenezaji wazuri wanatumia ile aloi ya kopa, nikeli na zinki, inapitisha umeme kidogo tu. Ukitaka rangi ya kizee hapo, ipake, usiibadilishe chuma.

Funguo za kutyuni pia mi naziacha, gia zake zinataka usahihi ambao tupa ya nyumbani haina. Na bamba la daraja la Telecaster lile la chuma, fikiri mara mbili, maana chuma kile kinashika sumaku na kimekuwa sehemu ya sauti ya pikapu iliyokaa ndani yake. Ukiweka brasi sauti itabadilika. Wengine wanapenda, mi sikupenda.

Wapi pa kuipata

Ukienda Kisenyi kwa watu wa skrepa uliza brasi, usiseme unatengeneza gitaa, sema unatafuta kipande, wakijua una shida nayo bei inapanda. Koki za zamani, viungo vya mabomba, vali, kufuli zilizokufa, vyote vinakuwa kwenye rundo moja. Koki nyingi juu zina kromu, lakini brasi iko chini yake, na mti wa ndani ule unaozunguka haujapakwa kitu kabisa, huo ndio wa kutafuta. Usijaribu kutoa kromu kwa umeme na maji ya chumvi kama wanavyoonyesha kwenye video, ile inazaa sumu mbaya ya kromu, heri utafute kipande kingine.

Mita ya maji usinunue, hata ukiuziwa kwa bei ya rolex moja (ile chapati ya mayai, siyo saa). Mwili wake ni brasi nzuri kabisa na ndiyo maana zinaibiwa, ukikamatwa nayo utaeleza nini? Na wale wa Bombo, Gulu, na kwetu huko West Nile, najua saa zingine mtu anaokota maganda ya risasi shambani, na kweli ganda la risasi ni brasi safi ya asilimia 70 kopa, lakini achana nayo. Huwezi kujua ipi imelipuka na ipi bado, na huwezi kumweleza polisi kwamba ni ya nobu ya gitaa.

Kama hutaki skrepa, maduka ya vifaa vya mabomba yana viungo vya brasi vipya kabisa, vifuniko vya bomba la nusu inchi, nati kubwa, vyote vinakerezeka.

Lakini hazina yangu mimi ni milango. Nyumba za zamani za Wahindi, Jinja zimejaa, na hapa Old Kampala zipo, zilijengwa na bawaba, vitasa na makomeo ya brasi ya ukweli, nzito. Nyumba ikibomolewa milango inauzwa na vyuma vyake. Nilipata komeo moja Jinja kwa kijana aliyekuwa anauza fremu za madirisha kando ya barabara, limepakwa rangi ya kijani ya mafuta, halafu nyeupe juu yake, halafu kijani tena, hata hakujua ni brasi. Nikapiga tupa kwenye ncha, njano ikatoka. Ile fimbo inayoteleza ndani ya komeo ilikuwa ya duara, unene milimita 8, na sadeli ya Telecaster ya kizamani ni inchi 5/16, yaani milimita 7.9. Nilitaka kupiga yowe. Nikajikaza nikamuuliza bei kama mtu ambaye hana haja.

Kitu kingine, angalia kwenye mikebe ya wazee nyumbani. Zile senti kumi za Afrika Mashariki za enzi za mkoloni, zenye tundu katikati, ni bronzi, siyo brasi, lakini zimezeeka zenyewe mifukoni mwa watu na hazihitaji dawa yoyote. Moja chini ya kitufe cha mkanda inakaa kama washa, inapendeza kuliko kitu chochote utakachonunua. Omba ruhusa kwanza, mama yangu bado ananikumbusha ile.

Kutengeneza

Vifaa: jiliwa, msumeno wa chuma, tupa bapa na tupa ndogo ndogo, msasa namba 240, 400, 800, keekee, na venia ya kupimia. Brasi ya kukereza huwekwa madini ya risasi kidogo ndani, mpaka asilimia 3 hivi, ndiyo maana inakatika vizuri, kwa hiyo vumbi lake siyo la kupuliza, panguza kwa kitambaa chenye maji, na nawa mikono kabla hujagusa chapati. Watoto wasicheze pale.

Keekee na brasi kuna siri moja. Biti mpya kali hung'ang'ania brasi, inajivuta ndani ghafla, inazungusha kipande chote na kidole chako kama kiko karibu. Chukua jiwe la kunolea, sugua ukingo wa biti kidogo tu uwe bapa, usikate kwa pembe kali, uparure. Alafu funga kipande kwenye jiliwa, usishike kwa mkono hata kama tundu ni dogo.

*Sadeli.* Kata fimbo kwa urefu wa sadeli zako za zamani, zipime usibahatishe. Toboa matundu mawili ya skrubu za kupandisha na kushusha, na moja la kupita skrubu ndefu ya nyuma. Gitaa nyingi za Asia zinatumia M3 (skrubu ya milimita 3), tundu la kutoboa ni milimita 2.5 alafu unapitisha tapu ya M3, ile ya kuchonga meno ya skrubu ndani ya tundu, polepole, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Ukikosa tapu, fundi baiskeli au fundi simu mkubwa anaweza kukuazima.

*Nati ya shingo.* Hii ndiyo inachukua muda kuliko zote na ndiyo nitakaa nayo kidogo. Bawa la bawaba nene ya brasi linafaa. Toa nati ya plastiki kwa kuigonga kwa ubavu na kipande cha mbao, taratibu, usipasue mbao ya shingo. Pima unene wa mfereji kwa venia, kwa aina ya Fender unakuwa milimita 3.2 mpaka 3.5 hivi. Tafuta bawa lenye unene zaidi kidogo, gundisha msasa juu ya kipande cha kioo, sugua brasi juu yake kwa umbo la nane mpaka iingie kwenye mfereji kwa kusukuma kwa kidole, siyo kwa nyundo. Weka nati ya zamani pembeni, hamisha nafasi za nyuzi kwa ncha ya sindano.

Kuchimba mifereji ya nyuzi, watu wanauza tupa maalum za bei ya kutisha. Mi natumia vile vijiti vya kusafishia nozo ya gesi ya kuchomelea, vinakuja vingi kwenye kikopo kimoja, kila kimoja na unene wake, vina meno kama tupa. Seti ya nyuzi inayoitwa ya kumi inaanza na milimita 0.25 na uzi wa sita ni kama 1.17, chagua kijiti kinachozidi uzi wako kidogo. Kwa nyuzi za juu vijiti ni vinene mno, pale nilimwendea sonara akanipa kipande cha blade ya msumeno wake. Mfereji ushuke kidogo kuelekea funguo za kutyuni, ili uzi ushikwe upande wa fretibodi, siyo katikati, la sivyo utasikia mlio wa sitar. Kupima kina, bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, angalia juu ya freti ya kwanza, pabaki nafasi ndogo kabisa kama karatasi nyembamba. Simama kabla hujafika, funga uzi, jaribu, chimba tena. Nati ya mfupa ukizidisha unajaza kwa unga wa mfupa na gundi kali, brasi haina huo msamaha, itabidi uweke kitu chini yake uinue yote.

*Bamba la shingo.* La Fender la kawaida ni milimita 64 kwa 51, na matundu yake yako umbali wa 51 kwa 38 toka katikati hadi katikati. Bamba la nyuma ya kitasa cha zamani linatosha, likiwa na unene wa milimita 2 na kitu hivi. Weka bamba la zamani juu, toboa ukifuata matundu yake. Mangapi nimeona yana tundu la funguo katikati bado! Mi langu nililiacha nalo, linapendeza.

*Nobu.* Hapa usijisumbue na tupa, peleka kwa fundi kerezo. Mi nilienda Katwe, nikampa mti wa koki.

"Fundi, nikerezee hii, duara milimita 19, katikati tundu la sita."

"Hii ni ya pampu gani bosi?"

"Ya gitaa."

Akanyamaza, akaigeuza. "Gitaa linatumia koki?"

Wakacheka wote pale, lakini dakika ishirini baadaye nilikuwa na nobu mbili, na mistari ya kushikia pembeni alinipigia bila kuambiwa. Kabla hujaenda angalia mti wa pota yako (ile swichi ya kuzungusha ambayo nobu inakaa juu yake). Za Asia mara nyingi ni milimita 6 na zimepasuliwa katikati, za Kimarekani ni 6.35 na nyingi hazina mpasuko. Mwambie atoboe kwa ubavu tundu la skrubu ndogo ya kukazia, ile ya kufungwa kwa alenki.

Kumimina brasi iliyoyeyushwa, kuna mafundi wa sufuria watakuambia inawezekana. Aluminiamu yao sawa. Brasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 900 na ushee, na zinki inachemka kwenye 907, maana yake unapoyeyusha brasi zinki inatoka kama moshi mweupe, na ukivuta moshi huo usiku unatetemeka kama una malaria. Acha.

Kuzeesha

Watu wanaenda moja kwa moja kwenye dawa. Vyuma vya zamani kabla ya rangi vina umbo, havina ukingo mkali popote. Kwa hiyo kwanza zungusha kingo zote kwa msasa, hasa pale kiganja kinapopita. Tia vipande kwenye kopo la bati na misumari na nati kuukuu, tikisa dakika chache upate makovu madogo, nati ya shingo na sadeli usizitie humo.

Alafu ondoa vanishi. Brasi ya dukani imepakwa vanishi isiyoonekana na dawa haitapita hapo. Asetoni inatoa, hata ile ya kutoa rangi ya kucha, ama chemsha kwenye maji yenye magadi soda. Piga msasa 400, kisha 800, osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki. Sasa mimina maji juu yake, yakitandaa kama shuka ni safi, yakijikusanya matone bado kuna mafuta, osha tena. Kuanzia hapo usishike kwa vidole vitupu, alama ya kidole itabaki kwenye rangi, mi nina nobu moja ina dole gumba langu mpaka leo.

Amonia ndiyo inayoleta ile kahawia nzuri. Kama huna ya chupa, tafuta mfuga kuku. Maganda ya kahawa yaliyolaliwa na broila wiki kadhaa, yale ambayo ukiingia bandani machozi yanatoka, hayo machozi ndiyo amonia yenyewe. Chukua ndoo ya rangi yenye mfuniko, weka maganda kama inchi tatu, nyunyiza maji kidogo, ongeza viganja viwili vya chokaa ya ujenzi uchanganye kwa kijiti, chokaa inaifukuza amonia itoke kwa nguvu. Fanya nje, glavu na miwani, uso usiuweke juu ya ndoo. Toboa matundu mawili juu ya ndoo, pitisha kijiti, ning'iniza vyuma kwa uzi wa pamba visigusane wala visiguse maganda, funika.

Kwenye ndoo yangu baada ya masaa matatu brasi ilikuwa kama chai ya maziwa, ukiiacha usiku inakuwa kahawa. Usiiache siku na siku. Kuna kisa cha jeshi la Waingereza kule India enzi za ukoloni, risasi zao zilikuwa zinapasuka maganda zenyewe ghalani msimu wa mvua, wakaja kugundua ni amonia kutoka kwenye mikojo ya farasi, inakula brasi pale ilipokunjwa au kuvutwa ikabaki na mkazo ndani. Kwa hiyo kipande ulichokikunja au kukigonga kwa nyundo, kwanza kipashe kwenye sigiri mpaka kiwe chekundu kwa mbali ukiwa gizani, kiache kipoe, ndiyo kiingie kwenye ndoo. Na usiweke kitu kikiwa kimekazwa skrubu.

Ukitaka madoa ya kijani kwenye kona, chukua unga wa mbao, ulowanishe kwa siki na chumvi, ufukie chuma humo kwenye mfuko, angalia kila siku. Kijani kidogo tu tafadhali, na kisiwe pale nyuzi zinapopita. Kuloweka moja kwa moja kwenye siki au ndimu sikushauri, asidi inakula zinki ya juu na brasi inageuka ya waridi kama kopa.

Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, isikaribie kazi hii. Jik na amonia inatoa gesi ya sumu, Jik na siki inatoa gesi ya klorini, na wote tunaviweka chini ya sinki moja.

Ukiridhika na rangi, osha kwa maji mengi, yale ya siki yaoshe na magadi soda kidogo, kausha juani. Chuma sasa ni cheusi cheusi kila mahali na kinaonekana feki, usikate tamaa, kazi yenyewe ndiyo inaanza. Shika gitaa kama unapiga, angalia mkono unagusa wapi kweli kweli. Ukingo wa nobu ya voliumu pale kidole kidogo kinapoizungusha, sadeli pale ubavu wa kiganja unapolala, kona ya bamba la shingo inayosugua tumbo. Hapo tu ndiyo usugue na stili wuli laini au gunia mpaka njano itoke, kwenye mashimo na mizizi ya mistari uache giza. Kitu kilichozeeka sawasawa kila mahali hakijawahi kushikwa na mtu.

Malizia na nta. Nta ya nyuki, ile ya West Nile inanukia vizuri, pasha chuma juani mpaka kiwe cha moto wa kuvumilika, paka nta, futa kwa kitambaa. Vanishi inadumu zaidi lakini inaua ule mguso.

Kwa wale ambao tayari mna vyuma vya zinki vilivyopakwa, hakuna dawa. Sugua mng'ao kwa stili wuli polepole bila kufika chini, paka kiwi ya kahawia kwenye mashimo, futa. Basi.

Kufunga

Skrubu mpya za kung'aa zinaharibu kazi yote. Za brasi zipo kwenye maduka ya hadweya, za mfereji mmoja, lakini ni laini, zinakatika shingo ndani ya mbao. Toboa tundu, ingiza kwanza skrubu ya chuma ya saizi ile ile, itoe, ndiyo uingize ya brasi ikiwa imepakwa nta. Zile nne za shingo ziache za chuma, pasha vichwa vyake kwenye sigiri kidogo alafu tumbukiza kwenye mafuta ya injini, vinatoka vyeusi.

Alafu waya wa athi, ule unaounganisha nyuzi na jeki ili gitaa lisivume. Nilifunga kila kitu, nikaenda kanisani Jumapili, nikachomeka, ampu ikavuma nzziiii mpaka mzee wa kanisa akageuka, na nikigusa jeki inanyamaza. Waya wa athi unapita chini ya daraja na unashika kwa kugusa tu, na sadeli zangu na chini ya daraja nilikuwa nimepaka vanishi ile mara ya kwanza, umeme haupiti kwenye vanishi. Hata ule weusi wa kuzeesha unazuia. Kwangua pale waya unapolala mpaka njano, kwangua ncha za skrubu za sadeli, pima kwa mita kati ya uzi na ala ya nje ya jeki, ilie. Fanya hivyo kabla ya Jumapili.

Wiki mbili za kwanza vidole vitakuwa na harufu ya sarafu na pengine doa la kijani kiganjani. Futa sadeli kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, doa likirudi rudi ongeza nta, na mtu wa nyumbani akitaka kukusaidia kusafisha gitaa ficha kopo la Brasso, ile dawa ya kung'arisha brasi.